Okoka, Lakini Meka Usiiguse

Kabla ya kununua Biblia, nunua nyundo. Si lazima iwe kubwa; ile ya fundi viatu inatosha. Utaiweka ndani ya kikapu chini ya meza yako sokoni, na juu yake utalaza Biblia, kwa hiyo usinielewe vibaya: Biblia nayo itahitajika.

Msomaji wa mbali huenda hajui meka. Ni kopo la bati ambalo sisi wa Kaniama huku Kongo, na majirani zetu wa upande wa Kasai, tunapimia mahindi, unga na maharage. Sokoni mtu hasemi kilo, anasema meka, na bei ya meka ndiyo habari ya kwanza ya asubuhi, redio inafuata baadaye. Kopo hilo lina kitako, na kitako cha bati husikia nyundo upesi kuliko roho inavyosikia mahubiri. Mapigo matatu kwa chini, kinabonyea kuelekea ndani, na tangu siku hiyo kila mteja anakuachia kiganja cha mahindi bila kujua. Viganja vikikusanyika vinakuwa meka, meka zikikusanyika zinakuwa mabati ya nyumba, na mtu akikuuliza mabati yametoka wapi, unanyoosha kidole juu: Mungu ni mwema.

Ninayekupa shauri hili ni shemasi. Nimepitisha kapu la sadaka miaka kumi na tisa na halijawahi kupungua hata franga moja mikononi mwangu. Kapu ni la Mungu. Meka ni ya kwangu. Ukishika tofauti hiyo, umeshafika nusu ya safari.

Fundi kamili ana meka mbili. Ya kwanza ni ya kununulia kwa wakulima wanaotoka vijijini. Hiyo ni nzima, tena kitako chake kimesukumwa nje kidogo, na unaijaza mpaka juu inafanya kichuguu. Ya pili ni ya kuuzia, na hiyo unaisawazisha kwa kiganja, taratibu, huku ukimuuliza mteja habari za mama yake mgonjwa ili aangalie uso wako. Nabii Amosi aliwasema sana watu wa namna hii, lakini Amosi alikuwa mtu wa kondoo na mikuyu, hakuwahi kuuza mahindi Januari ghala likiwa tupu. Katika Biblia yako, kati ya Yoeli na Obadia, gundisha kurasa kwa bukari, ugali wetu. Bukari ya jana hushika kuliko gundi ya dukani.

Wateja hawatakosekana, Mungu amekwisha kupanga. Reli iliyofika Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka 1928, ilipita hapa kwetu, na tangu siku hizo Kaniama inaangalia pande mbili: huku Kamina na Lubumbashi, kule Mwene-Ditu na nchi ya Kasai. Mbuji-Mayi ina almasi, lakini almasi haisagwi. Kwa hiyo watu wanakuja kutafuta mahindi, kwa treni, kwa lori, na wengine kwa baiskeli, kinga kama tunavyoiita, wakisukuma magunia kwenye mchanga. Mtu aliyesukuma kinga siku kadhaa hana nguvu ya kuchungulia kitako cha kopo. Ameletwa kwako akiwa amechoka. Mpokee kwa wimbo.

Sasa lugha, maana nyundo bila lugha ni wizi.

Neno la kwanza ni "Bwana asifiwe". Wageni hudhani ni salamu, kumbe ni komeo. Mdai wako akikaribia, mtangulie kwa sauti: "Bwana asifiwe!" Hana budi kujibu "Amina". Akisha kusema Amina, ni vigumu sana aseme "franga zangu", maneno hayo mawili hayakai katika pumzi moja. Akijikaza, ongeza: "Asifiwe tena!" Nimemwona mtu aliyekuja na hasira ya meka nane akaondoka ameitikia Amina saba na amebeba salamu zangu kwa mama watoto.

La pili ni "niko nakuombea". Hili ndilo neno rahisi kuliko vyote sokoni, ndiyo maana linatoka sana. Jirani akifiwa, akiunguliwa, mtoto wake akirudishwa nyumbani na shule, mchango una kiasi chake na unaandikwa daftarini; maombi hayana kiasi na hayaandikwi popote. "Franga hakuna, Yaya, lakini niko nakuombea." Sema hivyo ukiwa umemshika mkono kwa mikono yako miwili, ili aone kwamba yote miwili ni mitupu. Tahadhari moja tu: usije ukaomba kweli. Mtu akipiga magoti dakika kumi akamtaja jirani yake, na watoto wake, na paa lake linalovuja upande wa jikoni, kuna hatari asimame akiwa ameshika bati. Yamewapata watu, na baadhi yao walikuwa wazuri katika biashara.

La tatu, "kama Mungu anapenda", linahitaji uangalifu, kwa sababu hapa Kaniama lina matumizi mawili na hayafanani. Kituoni ni neno la kweli. Mama anayelala juu ya mabunda yake siku ya tatu akingoja treni, akikuambia "tutafika Kamina kama Mungu anapenda", anamaanisha kila herufi. Hana ratiba nyingine. Sijaona kanisa kama watu wa kituoni. Wanagawana maji. Wanalindiana mizigo. Anayekwenda haja anamwacha mtoto kwa mtu ambaye hata jina lake hamjui, na akirudi anamkuta mtoto amelishwa muhogo. Hakuna aliyewahubiria. Pita pale haraka, usiambukizwe.

Mjini neno hilohilo maana yake ni hapana. "Nitakulipa Ijumaa, kama Mungu anapenda." Ijumaa ikipita, basi Mungu hakupenda. Umeona ulivyotoka? Deni ni lako, kukataa ni kwake, na nani atakwenda kumdai?

Kuhusu viapo sitakaa sana. Yesu alivikataza pale mlimani, akitaka ndiyo ya mtu itoshe peke yake. Lakini yeye alikuwa seremala; mbao mteja anaziona. Sisi wa mahindi tunasema "kwa jina ya Mungu, Mama, bei hii nimepata hasara", na tunapoisema tunaangalia chini, kwa unyenyekevu, palipo na kikapu.

Jina la duka nalo ni lugha. Wazee wanakumbuka mwaka 1972, Mobutu alipofuta majina ya ubatizo ili kila mtu arudi kwenye majina ya mababu. Kardinali Malula alipinga, akajikuta uhamishoni Roma, na padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la kikristo alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Watu wakawa na Yohana wa ndani ya nyumba na jina la barabarani. Usiku mtoto anaitwa Maria, asubuhi anaitwa jina la bibi. Fikiria: mtu anaweza kufungwa kwa jina! Sasa majina ni bure, na tumeyapandisha ukutani kwa rangi ya mafuta. Nenda mji wowote wa Kongo utanyolewa kwenye Damu ya Yesu, utanunua sabuni kwa Neema ya Mungu, na simu yako itatiwa chaji kwa Yehova Yire, ambaye atakurudishia ikiwa na nusu. Mimi meza yangu nimeiandika "Mungu Anaona". Wateja wanapenda sana. Wanafikiri nawaambia juu yangu, kumbe nawaambia juu yao, wasije wakaiba punje.

Sasa tuingie kwenye sanaa ya juu. Kusengenya ni dhambi, na shemasi hasengenyi. Shemasi anawasilisha mahitaji.

Ngoja mkesha wa Ijumaa, saa ya maombi ya pamoja, macho yote yamefumbwa. Inua sauti, lakini iwe na machozi kidogo chini yake. "Bwana, tunamkumbuka dada yetu, wewe unamjua, wa nyumba ya pili baada ya pampu, ambaye mume wake iko kazini Kolwezi tangu Januari, na ambaye Alhamisi hii, saa mbili ya usiku, Bwana, pikipiki ilisimama kwake, ikazima na taa. Hatuhukumu, Bwana. Ni wewe unayejua ilitoka saa ngapi." Zingatia anwani. Mungu haihitaji, lakini waliofumba macho wanaihitaji. Zingatia pia "hatuhukumu": bila neno hilo ni umbeya, ukilitia ni mzigo wa roho.

Uzuri wa chombo hiki ni kwamba hakikatizwi. Redio inaweza kuzimwa, mlevi wa lutuku anaweza kufukuzwa, hata mkubwa wa serikali akihutubia kuna mtu atakohoa. Lakini nani atasimama katikati ya sala aseme "uongo"? Atakuwa anabishana na aliye juu. Na ukimaliza, kanisa zima linapiga mhuri kwa pamoja: Amina. Kesho yake dada huyo atakapopita na ndoo yake kichwani, hakuna atakayemwambia lolote baya. Watamwambia tu: tuko nakuombea. (Pikipiki, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa ya muuguzi, mtoto wake alikuwa na malaria. Nimekusudia kuliombea hilo pia, siku ikipatikana.)

Tangu 2020 tumepata msaada mwingine wa kiroho usiotarajiwa, nao ni kuluna. Hao ni vijana wa Kinshasa waliokuwa wakivamia watu mitaani kwa mapanga. Serikali ikawakusanya ikawaleta huku kwetu, kwenye kambi za Service National za Kaniama-Kasese, walime, wajifunze ufundi, warudi watu. Service National yenyewe ni mtoto wa Laurent-Désiré Kabila, wa mwaka 1997, lakini ni kuluna waliomfanya mtu wa Kinshasa ajue kwamba duniani kuna mahali panaitwa Kaniama. Hawaitwi tena kuluna, wanaitwa wajenzi. Wanalima mahindi, mashamba makubwa kweli, na mahindi hayo yamekwenda kuuzwa hadi Lubumbashi na Mbuji-Mayi. Mahindi ya majambazi! Na yanapikwa bukari ileile nyeupe.

Kwa mhubiri hawa ni hazina. Ibada ikipoa, taja kuluna. Watu wanapumua, wanakaa sawa kwenye benchi, kila mmoja anajikuta msafi ghafla. Waombee kwa nguvu: "Bwana, rehemu vijana hawa waliomwaga damu!" Nimeona akina mama wakilia. Mimi mwenyewe nimelia, nikafuta macho kwa mkono uleule wa kusawazishia.

Ila usifanye hesabu kwa sauti. Kijana mwenye panga alichukua simu ya mtu mmoja usiku mmoja. Akasafirishwa nusu ya Kongo kuja kutubu kwa jembe. Mwenye nyundo amechukua kiganja kwa kila chungu cha mji kwa miaka kumi na tisa, naye ameketishwa mstari wa mbele. Mkulima mmoja, mtu wa kijijini asiyejua adabu za mjini, aliuliza baada ya ibada kama serikali ina mpango wa kufungua na kambi ya watu wa meka. Tulimjibu Bwana asifiwe. Akasema Amina, lakini alituangalia.

Sijui kama nikuambie habari za wazee, maana zinaharibu mwongozo. Imani katika nchi ya Waluba iliingia kwa miguu. Miongoni mwa walioibeba ni watu waliokuwa wameuzwa utumwani hadi Angola, upande wa Bihé, wakaisikia Injili huko, na walipofunguliwa wakarudi kwa mwendo wa miguu kuwatafuta ndugu waliowauza au waliowalilia. Hapo ndipo shida yangu. Mtu aliyeuzwa na jamaa yake anarudi kumwambia jamaa huyohuyo habari njema. Atumie sauti gani? Hakuwa na kipaza sauti. Hakuwa na kitu chochote ila kule kurudi kwake. Sisi tuna jenereta, tuna vipaza sauti viwili virefu kuliko mchungaji, vinasikika mpaka ng'ambo ya reli, na bado jirani yangu wa ukuta mmoja anasema hajui tunachosema.

Mwaka 1915 walifika Mwanza, ile Mwanza ya Waluba, Waingereza wawili wa Kipentekoste, William Burton na James Salter. Burton alikuwa na elimu ya uhandisi, angeweza kutafuta mshahara mahali penye kivuli. Alikaa katika nchi hii miaka na miaka, na pamoja na kuhubiri akawa anaokota methali za Waluba, akaziandika na kuzichapisha. Tabia hii usiiige. Mhubiri akianza kuwasikiliza watu anaweza kukuta wana la kusema. Kwa upande wa Wametodisti, ambao Kamina ni makao ya askofu wao wa Katanga Kaskazini, sitasema mengi. Wana shule, wana chuo kikuu, wana hospitali, na mtu anayejenga hospitali hujinyima nafasi nzuri ya kusema niko nakuombea.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ilitoka kwa Wakatoliki, na inabidi nikuonye kwa kirefu. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 akaishi na Waluba. Mwaka 1945 alitoa kitabu juu ya falsafa ya Kibantu ambacho wasomi wanakigombania mpaka leo, wengine wakisema ametuinua, wengine wakisema ametufungia katika sanduku. Hilo waachie maprofesa wa Lubumbashi. Kwangu mimi kosa lake ni lingine. Mwaka 1953, huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi ya Union Minière na wake zao, alianzisha kundi likaitwa Jamaa. Hawakutafuta neno la Kilatini, wala la Kifaransa. Jamaa.

Na watu wa Jamaa walianzia wapi? Nyumbani! Mume na mke waliingia pamoja, wakapanda ngazi pamoja. Mtu hakuweza kukimbia mbele peke yake akamwacha mkewe anapalilia. Walitakiwa wakutane, si kwenye mkutano, bali wao wawili, kila mmoja amwambie mwenzake mawazo yake. Fikiria hasara. Umetoka kazini mgodini, umechoka, na sasa unatakiwa umuulize mama wa nyumba anawaza nini, kisha ungoje jibu. Tempels alirudi Ulaya mwaka 1962, na baadaye maaskofu wakaliangalia kundi hilo kwa jicho kali, kwa sababu zao ambazo mimi si mtu wa kuzipima. Nasema tu kwamba, kama desturi hiyo ingeenea mpaka Kaniama, uongozi wa makanisa yetu ungebaki mtupu wiki moja.

Njia ya kawaida ni hii. Lugha yako igawe mara mbili. Ya kwanza ni ya barabarani, yenye asali: "Mama Mchungaji, Mungu akubariki, pole na jua, lete nikusaidie mfuko huo." Ya pili ni ya nyumbani, nayo haina maneno mengi: maji, chakula, nani amehamisha kiti changu. Usizichanganye. Mke wako akisikia ile ya kwanza kwa bahati mbaya atadhani umeugua. Yeye ameamka kabla ya jogoo, amekwenda shamba na mtoto mgongoni, amerudi na kuni, amepika sombe, na anakuangalia unavyofunga kamba za viatu. Mwambie unakwenda semina ya ndoa. Semina hizo nazipendekeza kwa moyo wote. Ile ya mwisho tulikuwa wanaume kumi na wanne, tukafundishwa kumthamini mke, tukanywa soda, tukapiga picha. Wake zetu hawakuweza kuja. Ilikuwa wiki ya kupalilia.

Mke wangu aliniuliza jambo moja tu niliporudi. Aliuliza: "Bamekufundisha nini?" Nikamwambia ni mambo marefu. Akasema vema, akaendelea kupepeta.

Yeye, lazima nikiri, ni udhaifu katika mpango wangu. Siku nikiwa safarini ndiye anayekaa mezani, na huwa hatumii kopo langu. Anakwenda kuazima la mama mwenzake wa upande wa pili wa soko. Nilipomuuliza kwa nini, alisema lile la nyumbani linamchanganya hesabu. Siku hizo tunauza magunia upesi zaidi, watu wanapanga mstari, na jioni pesa inakuwa karibu sawa na yangu. Sijaelewa. Nimelipeleka katika maombi, bila anwani.

Kuhusu kapu la sadaka nitakuwa mfupi. Kila noti ina wito wake. Ile iliyochanika katikati ikagundishwa kwa utepe, ambayo mama wa sombe ameikataa, mwenye pikipiki ameikataa, hata mtoto wa maandazi ameirudisha, hiyo ni ya Bwana. Ikunje mara nne, ufiche kidonda. Mwenye elfu ishirini haikunji. Anaitembeza mpaka mbele kama mtu anayepeperusha bendera, na mwimbishaji anapandisha wimbo. Mimi nilitaka hapa nieleze habari za fungu la kumi, jinsi ya kulihesabu baada ya matumizi, baada ya hasara, baada ya kuondoa vile viganja ambavyo, tukisema kweli, havikuwa mapato bali zawadi za wateja. Ni hesabu tamu, na nina mifano.

Lakini naona itabidi niiache, kuna kinga imesimama nje.

Namjua mwenyewe. Ni yule wa Mwene-Ditu, alinunua kwangu meka arobaini wiki iliyopita, akalipa zote mkononi, nikampakilia nikiimba. Ametuma maneno mara mbili kwamba huko kwao zilipopimwa tena zilikuwa thelathini na nne. Nilimjibu kwamba meka ya Kaniama na meka ya Mwene-Ditu hazikusoma shule moja. Naona jibu halikumfikia, au limemfikia. Nimemtuma mtoto mlangoni na maneno tuliyozoea.

"Papa Shemasi iko?"

"Papa iko mu maombi."

Kimya. Nikadhani imekwisha. Kisha nikasikia kinga inaegemezwa kwenye mwembe, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kurudi kwao.

"Muzuri sana, mutoto yangu. Na mimi nitaomba naye."

Nachungulia katika ufa wa dirisha. Amevua kofia. Amepiga magoti palepale kizingitini, vumbi la njia nzima bado liko kwenye magoti ya suruali yake, na mikono ameinua. Jirani wa kulia ametoka na kitambaa chake cha kichwa, maana sala hapa haipitwi. Wa kushoto naye. Mama wawili waliokuwa wanatoka pampuni wametua ndoo. Mke wangu ameweka ungo chini, amefumba macho.

"Bwana," anasema, na ana sauti nzuri, nisingemdhania, "tunamkumbuka ndugu yetu Papa Shemasi, wewe unamjua, wa nyumba hii ya mabati mapya, nyuma ya kituo, mwenye meza imeandikwa Mungu Anaona. Nililipa meka makumi ine, Bwana. Hatuhukumu."

"Amina," wanasema majirani.

Nimerudi nyuma kurasa zote hizi nikitafuta mahali nilipoandika namna ya kuikatiza sala. Nje mke wangu ameitikia Amina kuliko wote. Na sasa mtu wa kinga amevuta pumzi, anaingia kwenye habari za kitako.